Usiku 13 Guangzhou na Yiwu: bajeti ya dola 3,726 ilivyofika 4,200

Kisa hiki ni cha ndugu wawili, mtu na mdogo wake, wenye duka la vyombo vya nyumbani na mapazia Dar es Salaam. Majina, mtaa wa duka na alama nyingine za kuwatambulisha zimeondolewa. Humu tutawaita Dada na Mdogo. Hesabu zote ni za watu wawili, kwa dola za Marekani, na dola 1 imehesabiwa kwa yuan 7.2. Fedha ya kununulia bidhaa haimo. Hapa tunaangalia gharama ya safari peke yake: kufika China, kulala, kula, kuzunguka na kurudi.

Usuli

Kwa miaka kadhaa walikuwa wakinunua jumla kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza wenyewe. Safari hii ilikuwa ya kwanza kwao wote wawili. Walitaka mambo matatu: vyombo vya jikoni kwenye Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, bidhaa ndogo ndogo kwenye soko la mji wa Yiwu, na vitambaa vya mapazia kwenye soko la Zhongda, Guangzhou. Mapazia ndiyo yanayoingiza faida kubwa dukani kwao, na hilo litatufaa kukumbuka tutakapofika kwenye matokeo.

Maonyesho ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba, na kila msimu una awamu tatu. Awamu ya kwanza ni ya umeme, mashine, taa na zana. Ya pili ni vyombo vya nyumbani, zawadi, mapambo na samani. Ya tatu ni nguo, vitambaa, viatu, mabegi na vitu vya watoto. Mwaka 2025 awamu ya pili ya msimu wa kwanza ilikuwa tarehe 23 hadi 27 Aprili. Wakaichagua hiyo, na walichagua sawasawa. Wapo wanaofika awamu ya kwanza kutafuta sufuria wakajikuta siku tano kati ya majenereta.

Tarehe ya kuondoka ilikuwa 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, kwa sababu Dada hakutaka kukosa mauzo ya sikukuu. Kurudi ilikuwa 5 Mei.

Bajeti iliyoandikwa Dar

Tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi: 1,900. Viza pamoja na picha, nakala na nauli za kufuatilia: 240. Malazi, chumba kimoja cha vitanda viwili, usiku 13 kwa dola 40: 520. Chakula, siku 14 kwa dola 12 kila mtu: 336. Usafiri wa mjini: 140. Treni Guangzhou hadi Yiwu na kurudi, tiketi nne kwa dola 90: 360. Intaneti: 30. Dharura: 200. Jumla 3,726.

Mkalimani hakuwemo, walitegemea programu ya kutafsiri kwenye simu. Mizigo ya ziada haikuwemo. Makato ya kadi hayakuwemo. Na ile dola 40 ya chumba waliipata kwa kuangalia bei ya wiki ya kawaida, si ya wiki ya maonyesho.

Maandalizi

Walianza katikati ya Februari. Mtu mmoja aliwashauri waombe viza ya utalii, aina ya L, akidai ni nyepesi. Wakakataa, wakaomba ya biashara, aina ya M. Walijisajili kama wanunuzi kwenye tovuti ya maonyesho, wakapata barua ya mwaliko, wakaiambatisha kwenye fomu. Uamuzi huo uliwaepusha na maswali ya uhamiaji, na barua hiyo hiyo ndiyo iliyowapa beji ya kuingilia ukumbini.

Viza iliyotoka ilikuwa ya kuingia mara moja. Hapo pana mtego: ukitoka Guangzhou kwenda Hong Kong au Macau, hata kwa kutembea mchana ukarudi jioni, umeshatoka China bara na viza yako imekwisha kazi. Mdogo alikuwa ameandika Hong Kong kwenye orodha yake ya kutembelea. Wakaifuta.

Kosa lilikuwa kwenye hoteli. Walisubiri viza itoke ndipo waweke chumba, wakakiweka tarehe 1 Aprili, kwa kuogopa kupoteza pesa. Kumbe vyumba vingi vya mtandaoni vinaruhusu kughairi bure hadi siku moja au mbili kabla ya kufika. Kufikia Aprili, hoteli za karibu na ukumbi wa maonyesho, mtaa wa Pazhou, zilikuwa zimeshapanda. Walilipa dola 95 kwa usiku, usiku sita. Hesabu hiyo peke yake ilizidi bajeti yote ya malazi kabla hawajakanyaga Yiwu.

Simu zilishughulikiwa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ikaja kuonekana. Mdogo alipakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, akiwa bado Dar, akapiga picha pasipoti ya kujithibitisha, akaunganisha kadi yake ya Visa, akapita benki kuomba kadi ifunguliwe kwa malipo ya nje na ya mtandaoni. Laini yake ya Tanzania aliiacha ndani ya simu, akaongeza eSIM ya kusafiria, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Dada alisema atamalizia akifika.

Guangzhou, 22 hadi 27 Aprili

Walitua uwanja wa Baiyun mchana. Dada akanunua laini ya Kichina hapo hapo, akatoa ya Tanzania akaihifadhi kwenye pochi. Kuanzia hapo matatizo mawili yalikwenda pamoja. WhatsApp haikufunguka, kwa kuwa laini ya Kichina inapita kwenye mtandao wa ndani, ambako WhatsApp, Google, Facebook na Instagram zimezuiwa; eSIM ya nje ya Mdogo ilipitisha data kupitia mtandao wa nje, ikafanya kazi kama kawaida. Pili, alipojaribu kuunganisha kadi kwenye Alipay, benki ilituma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ujumbe ulikwenda kwenye laini iliyokuwa ndani ya pochi.

Alirudisha laini, lakini huduma ya kutumia nje ya nchi haikuwa imewashwa. Kupiga simu benki nako kulikuwa na saa zake: China iko mbele ya Tanzania kwa saa tano, kwa hiyo tawi likifunguliwa saa 2:30 asubuhi Dar, Guangzhou ni saa 7:30 mchana, katikati ya siku ya maonyesho. Kadi ya Dada ilianza kufanya kazi tarehe 24 jioni. Kwa siku tatu kila kitu kililipwa na simu ya Mdogo.

Fedha taslimu walikuwa nayo, dola 2,000. Kiasi hicho hakihitaji kutangazwa forodhani China, ambako mpaka ni dola 5,000 za fedha ya kigeni. Walibadilisha sehemu benki kwa pasipoti. Foleni na fomu vilichukua saa moja na nusu. Pale stesheni ya metro uwanja wa ndege, mashine ya tiketi haikupokea noti ya yuan 100, wakapanga foleni tena dirishani kutafuta chenji. Anayebeba yuan taslimu abebe na noti za 5, 10 na 20.

Siku tano za maonyesho zilikwenda vizuri kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, na sababu ni daftari la Mdogo. Kila ukurasa ulikuwa na namba kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene. Wakifika kwenye banda, kadi ya mwenye banda inabandikwa kwenye ukurasa, chini yake yanaandikwa mambo manne: bei ya kipande, vipande kwa katoni, vipimo vya katoni, kiwango cha chini cha kuagiza. Kisha picha: ukurasa ukiwa umeshikwa mbele ya bidhaa, namba ikionekana. Jioni hotelini, ukiona picha ya chupa ya chai yenye namba 31, unafungua ukurasa wa 31. Walirudi na kurasa 64. Watu wengi hurudi na kadi 200 kwenye mfuko wa nailoni wasijue ipi ni ya nani.

Vipimo vya katoni ndivyo vilivyowaokoa kwenye bidhaa zenye sura ya bei nafuu. Katoni ya sentimita 60 kwa 45 kwa 50 ni mita za ujazo 0.135. Katoni 50 ni 6.75, na anayechangia kontena analipia ujazo huo huo, ambao wafanyabiashara huuita CBM. Ndoo nyepesi ya bei ya chini inaweza kugharimu zaidi kufika Dar kuliko sufuria nzito ya bei ya juu, kwa sababu ndoo imebeba hewa. Kurasa tisa zilifutwa kwa hesabu hiyo.

Tarehe 26 walikwenda stesheni ya Guangzhou Kusini kununua tiketi za Yiwu. Programu ya reli, 12306, inamtaka mgeni athibitishwe pasipoti kabla ya kununua, na wao hawakuwa wamelifanya hilo. Dirishani walipata za kwenda tarehe 28, daraja la pili, yuan 650 hivi kila moja. Za kurudi tarehe 1 Mei zilikuwa zimekwisha. Za tarehe 2 pia. Likizo ya Wafanyakazi China mwaka huo ilikuwa tarehe 1 hadi 5 Mei, na tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla. Za Mei Mosi zilifunguliwa 17 Aprili, wao wakiwa bado Dar wanauza mapazia ya Pasaka.

Yiwu, na uamuzi wa kusubiri

Soko la Yiwu, linaloitwa Mji wa Biashara wa Kimataifa, wakati huo lilikuwa na wilaya tano na mabanda yapatayo 75,000. Hakuna anayelimaliza. Tarehe 29 walizunguka wenyewe na programu ya kutafsiri. Kwenye banda la vyombo vya plastiki simu ilitamka wazi kwamba kiwango cha chini ni katoni 20. Wakachagua rangi nne, tano tano, wakakubaliana malipo ya awali ya asilimia 30, na muuzaji akaahidi kuandaa karatasi ya oda kesho yake.

Usiku Dada alisita. Oda hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote walizokuwa wamezungumza, na karatasi ingekuja kwa Kichina. Asubuhi wakakodi mkalimani, Mchina aliyejifunza Kiswahili, kwa yuan 360 kwa siku. Akaisoma karatasi mara moja tu, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu: "Dada, hapa wameandika katoni 20 kwa kila rangi." Maana yake 80. Muuzaji hakuwa amedanganya. Alisema hivyo tangu jana, simu ndiyo iliyoacha maneno matatu. Wakabakiza rangi moja, katoni 20. Mkalimani wakakaa naye siku tatu, dola 150.

Kurudi Guangzhou walikuwa na njia tatu. Ndege ya tarehe 1 Mei ilikuwa dola 210 kwa mtu. Tiketi ya treni ya kusimama, safari ya zaidi ya saa sita na mizigo ya sampuli, waliikataa bila mjadala mrefu. Ndege ya tarehe 3 ilikuwa dola 125. Walihesabu hivi: kusubiri ni usiku mbili zaidi Yiwu kwa dola 32, jumla 64, na zile siku mbili za Guangzhou hazitalipiwa, nauli inaokoa 170. Wakasubiri.

Siku hizo mbili waliendelea na soko, lakini kwa faida ndogo. Bidhaa zilikuwepo, wauzaji walikuwepo, ila kila walipoomba bei ya mwisho ya oda yenye nembo yao, jibu lilikuwa kwamba kiwanda kiko likizo hadi tarehe 6.

Walifika Guangzhou mchana wa tarehe 3, wakalala mtaa wa Xiaobei kwa dola 38 kwa usiku. Mwenyeji mmoja kutoka nyumbani aliwaalika kwake bure. Wakashukuru wakakataa, kwa sababu mgeni anayelala nyumba ya mtu lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, wakati hoteli humwandikisha yenyewe. Tarehe 4 walikwenda Zhongda. Wauzaji wengi wa vitambaa waliowalenga walikuwa wamefunga.

Matokeo

Tiketi za ndege na viza zilibaki pale pale, 1,900 na 240. Malazi yalifika 806. Chakula kilishuka hadi 290, na usafiri wa mjini hadi 118. Treni ya kwenda na ndege ya kurudi kutoka Yiwu zilikuwa 430. Mkalimani 150. Intaneti 44, kwa sababu Dada alinunua laini ya Kichina kisha eSIM juu yake. Mizigo ya ziada uwanjani 160. Makato ya kadi na benki 62. Jumla 4,200, yaani dola 474 juu ya bajeti, na zile 200 za dharura zikiwa zimeshaliwa ndani yake.

Kwa upande wa biashara, vyombo vya jikoni vilipata wauzaji watatu wazuri na oda zikawekwa. Yiwu ilitoa oda moja. Oda ya mapazia haikuwekwa.

Uchambuzi

Ukisoma orodha ya gharama haraka, mkosaji anaonekana kuwa hoteli. Dola 286 zilizozidi kwenye malazi ni zaidi ya nusu ya pengo lote. Na kweli zingeepukika: chumba Xiaobei wiki ile ile kilikuwa kama dola 55. Kutoka hapo metro ni laini ya 5 hadi Zhujiang New Town, laini ya 3 hadi Kecun, kisha laini ya 8 hadi ukumbini, dakika 45 hivi, yuan 5 au zaidi kidogo kwa mtu. Siku tano, watu wawili, kwenda na kurudi, ni kama dola 14. Wangebaki na zaidi ya dola 220 mkononi, na wangelala mtaa wenye chakula cha halali na watu wa kuuliza kwa Kiswahili. Wanaotetea kulala Pazhou husema unaokoa miguu. Miguu inaokolewa kweli, lakini ukumbi unafunguliwa saa 3:30 asubuhi, na anayetoka Xiaobei saa 2:30 anafika kabla ya mlango.

Lakini hoteli si kosa kubwa la safari hii. Kosa kubwa halikuandikwa kwenye orodha kabisa, kwa kuwa halina risiti. Zhongda iliwekwa mwisho wa safari, tarehe 2 hadi 4 Mei, ndani ya likizo. Hata kama treni ya Mei Mosi ingepatikana, wangefika kwenye milango iliyofungwa. Ule uamuzi wa kusubiri Yiwu, ambao kwa hesabu ya nauli ulikuwa sahihi, haukuharibu kitu kwa sababu kilichotarajiwa kilikuwa kimeshaharibika tangu Februari, siku walipopanga tarehe bila kuweka kalenda ya likizo za China mezani. Bajeti yao ilikuwa orodha ya bei. Ilitakiwa iwe orodha ya siku, kila siku na kazi yake na bei yake ubavuni. Ukiandika "2 Mei, Zhongda" kwenye mstari wake, swali la kama pako wazi linakuja lenyewe.

Mizigo ya ziada nayo ni jambo la mpangilio. Tiketi iliwapa kila mmoja mabegi mawili ya kilo 23, jumla kilo 92. Waliingia na kilo 30 wakadhani nafasi ni tele, wakabeba sampuli zote wenyewe hadi za kauri. Sampuli za vitu ambavyo oda yake imeshathibitishwa zingeingizwa kwenye mzigo wa kontena. Mkononi zibaki zile tu za kuamulia dukani.

Kuhusu malipo, njia ya Mdogo inafaa kuigwa kama ilivyo: kila kitu kijaribiwe nyumbani, laini ya benki ibaki ndani ya simu ikiwa imewashwa huduma ya nje, na kila msafiri awe na kadi yake. Alipay haikati ada kwa kadi ya kigeni kwenye malipo ya chini ya yuan 200; kuanzia hapo kwenda juu hukata asilimia 3. Mlo, metro na teksi havifiki huko. Hoteli inafika, kwa hiyo chumba kilipiwe taslimu au mtandaoni mapema ikiwa kadi yako ina makato madogo zaidi.

Mkalimani ndiye gharama pekee isiyopangwa ambayo ilijilipa mara nyingi. Asiajiriwe siku zote. Siku ya kuzunguka na kupiga picha simu inatosha. Siku ya kuandika oda simu haitoshi, hata ikiwa mpya.

Jambo moja limeongezeka tangu safari hiyo: kuanzia 28 Juni 2025, pawabanki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Anayepanga kuruka kutoka Yiwu aangalie mgongo wa pawabanki aliyotoka nayo Dar. Isipokuwa na alama hiyo, ataiacha kwenye ukaguzi.

Kalenda iliyopangwa upya

Kwa bidhaa hizi hizi, msimu wa Oktoba unafaa zaidi. Likizo ya Taifa, ambayo huanza tarehe 1 Oktoba, inakuwa imekwisha, awamu ya pili huwa tarehe 23 hadi 27, na hakuna likizo kubwa inayofuata mara moja. Kuondoka Dar ni tarehe 14, kufika 15. Tarehe 16 na 17 Zhongda, vitambaa kwanza, akili ikiwa haijachoka. Tarehe 18 treni kwenda Yiwu, tiketi za kwenda na kurudi zikiwa zimenunuliwa kwenye 12306 siku zilipofunguliwa, pasipoti ikiwa imethibitishwa mwezi mmoja kabla. Tarehe 19 hadi 21 Yiwu, mkalimani siku mbili za mwisho. Kurudi Guangzhou tarehe 22, Xiaobei, chumba kilichowekwa tangu Julai kwa masharti ya kughairi bure. Maonyesho siku nne, 23 hadi 26. Tarehe 27 inaachwa wazi kwa kurudi kwenye banda lolote ambalo ukurasa wake una alama ya swali, na tarehe 28 ndege ya nyumbani.